Mshale Uliposhuka

Siku yangu ya kwanza karakana, pale Nyeri mjini, Fundi Mkuu hakunipa spana. Alinipa kifuniko cha rejeta, akaniuliza kazi yake ni nini. Nikasema ni kuzuia maji yasimwagike. Akacheka mpaka akakohoa.

"Msichana, hiyo si ya sufuria," akasema. "Hiyo inafunga presha. Huku kwetu juu maji inachemka haraka kuliko Mombasa. Bila presha, gari haimalizi mlima."

Nilipigwa na butwaa. Nimechemsha maji tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ya kwetu huchemka kabla hayajafikia moto wa yale ya pwani. Ndipo nikaanza kuielewa kulanti, yale maji ya rangi yenye dawa ya kuzuia kutu na ya kuyachelewesha yasichemke. Pampu huyazungusha ndani ya injini, yakabeba joto, yakaenda kupoa kwenye rejeta, kisha yakarudi. Njiani kuna themostati, kijilango kinachobaki kimefungwa mpaka injini ipate joto. Mafundi wa siku hizi huing'oa na kuitupa, ati ndiyo inayochemsha gari. Wananiudhi hao.

Baadaye nilihamishiwa Nanyuki, chini ya Msimamizi wa Magari, mtu mkali aliyebinya kila mpira wa kupitisha maji ya rejeta kwa mkono wake kabla gari halijatoka. Nikapanda cheo, nikarudi Nyeri, sasa mimi ndiye Fundi Mkuu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo sijalizoea.

Wambugu alikuwa akibeba maziwa ya majirani zake kutoka Tetu kwa pikapu aliyoinunua baada ya kuuza ng'ombe wake wote. Hakuwa na kazi nyingine. Asubuhi moja ya Julai, katika ile baridi yetu ya ukungu, aliingia karakana akitabasamu. Mbele ya rejeta alikuwa amefunga katoni, kama wafanyavyo madereva wengi wa huku ili injini ipate joto upesi. Injini ilishapata joto zamani, naye hakuwa ameitoa katoni hiyo.

"Mama Wanja, hii gari iko na akili," akaniambia. "Geji ilipanda mpaka kwa nyekundu, halafu ikashuka yenyewe. Saa hii iko baridi kabisa."

Niliinama nikatazama chini: mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka, na hapakudondoka hata tone; maji yote yalikuwa yameisha. Geji ya joto haipimi chuma. Inapima maji yanayoizunguka sensa yake, kile kijidude cha kuhisi joto, na maji yakiisha sensa hubaki hewani, mshale ukashuka. Injini ilikuwa ikiungua huku mshale ukisema imepoa.

"Izime, Wambugu," nikamwambia. "Usiguse kitu kingine."

Aliizima, na haikuwaka tena. Tulipoifungua tulikuta silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini, imepinda na kupasuka, nazo pistoni zimegandamana ndani. Nilikaa juu ya tairi kuukuu. Nilikuwa nimeona injini nyingi zilizokufa, lakini hii ilikufa mwenyewe akiisifu.

Nimestaafu sasa, na bado hushtuka nikimwona dereva akiitazama geji na kuridhika. Juzi Wambugu alipita kwangu na kikapu mgongoni. Siku hizi anawachumia watu majani chai.

"Mama Wanja, niambie tu ukweli," akasema. "Mtu angejuaje?"

"Ulikuwa umewasha hita?"

"Ndio. Si kulikuwa na baridi."

Nikamweleza kwamba hita ya gari hupata joto lake kutoka kwa maji hayo hayo ya injini. Yakiisha, hita hupuliza baridi, hata kama injini inawaka moto.

Alitua kikapu chini.

"Ilianza kupuliza baridi nikiwa bado karibu na nyumbani," akasema. "Nikavaa koti."