Miche ya Arlene na Mdomo Wangu

Arlene Tveit aliendesha basi la shule katika milima yetu ya Humboldt kwa miaka thelathini na moja, na hakuwahi kuligusisha hata kwenye kichaka. Nasema hili mapema ili mjue mikono iliyokuja kutiliwa shaka ilikuwa ya nani. Mimi, Wendell, nauza udongo na mbolea dukani, na watu wa hapa huniita daktari wa majani. Jina hilo lilinipanda kichwani, tena vibaya.

Mumewe, Harlan, alipofariki alimwachia mbegu za bangi, siku hizi halali kwetu, aliyokuwa akiichagua mwenyewe msimu hadi msimu tangu ujana wake. Zilikuwa zimebaki sita tu, ndani ya kikopo cha filamu ya kamera. Arlene akazipanda zote kabatini, chini ya taa, na zote zikaota. Alisema anataka dawa ya baridi yabisi ya vidole. Yabisi wapi! Alimtaka Harlan wake, basi.

Jumamosi moja ya Machi, duka limejaa, akaja na jani dogo ndani ya kitambaa. Ncha zake zilikuwa zimegeuka kahawia.

"Wendell, hebu nitazamie. Miche ina wiki mbili tu."

"Njaa hiyo," nikasema, hata miwani sijavaa. Nikamsukumia chupa ya mbolea ya maji. "Ipe hii, kifuniko kizima kwa kila galoni."

"Kizima? Mbona Harlan alikuwa haipi kitu mpaka ikue kidogo?"

"Mama, Harlan alilima enzi za taa za chemli! Unataka kuiua kwa ubahili?"

Wateja wakaangua kicheko. Arlene naye akacheka kidogo kwa haya, akachukua chupa, akaondoka.

Sikumuuliza amepanda kwenye udongo gani. Swali la kwanza kabisa, jamani! Na udongo wenyewe nilimuuzia mimi, ule mweusi uliokwisha kuchanganywa mbolea ya kutosha miezi mitatu.

Siku ya nne akanipigia simu, sauti iko chini. Nikaenda kwake. Miche minne ilikuwa imelala, kwisha habari yake. Miwili iliyobaki ilikuwa na majani ya kijani kizito yaliyojikunja chini kama kucha, ncha zimekauka, na juu ya udongo pametanda utando mweupe wa chumvi. Mche wenye njaa hupauka, tena huanzia majani ya chini. Hii ilikuwa imeshibishwa mpaka ikaungua.

"Ni mikono yangu," Arlene akasema kabla sijafungua mdomo. "Siku hizi inatetemeka. Nitakuwa nimemimina mara mbili."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikasema, "Inawezekana, mama." Mshenzi mkubwa mimi!

Nikaimwagia ile miwili maji matupu, polepole, mara tatu ya ujazo wa chungu, mpaka maji yaliyotoka chini yakawa hayana rangi na kipimo cha chumvi kikashuka. Nikaipandisha taa juu kidogo. Nikamwambia asimwagilie tena mpaka udongo ukauke kina cha kidole, asitie mbolea yoyote, na asihangaike na majani yaliyoungua, maana hayo hayaponi. Atazame yanayochipua katikati. Akayaandika yote, herufi zikiyumba. Nami nimesimama pale na utaalamu wangu, siwezi kumtazama usoni.

Kwa wiki mbili nikawa namkwepa. Nikiiona kofia yake barabarani, navuka upande wa pili. Mwanaume wa miaka hamsini na mbili, namkimbia bibi kizee!

Kisha Jumamosi nyingine akaingia dukani, wateja ni walewale, amekumbatia chungu kimoja. Mche umetoa majani mapya, mabichi, safi kabisa.

"Tazameni! Daktari wenu ameniokolea miwili." Akanishika mkono mbele ya watu wote. "Huu nimekuletea uutunze, Wendell. Mwenzake nampa jirani. Binti yangu Gretchen anakuja Jumatatu kunichukua nikakae kwake Sacramento. Ameniambia, mama, kama kifuniko cha mbolea kinakushinda, sindano zako za sukari utazipimaje? Nikaona ana haki. Nyumba itauzwa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama, si mikono yako."

"Nini?"

"Ulipima sawasawa. Udongo ulikuwa na mbolea tayari, na niliyekuuzia ni mimi. Siku ile nilipokuja kwako nilijua. Nikanyamaza."

Safari hii hakuna aliyecheka. Arlene akakiweka chungu juu ya kaunta taratibu.

"Wiki mbili, Wendell. Wiki mbili nagonga mlango wa jirani anidunge sindano, kama mtoto."

"Nisamehe, mama."

"Hayo baadaye. Toa simu yako."

Akanitajia namba ya Gretchen, tarakimu moja moja, nami nikabonyeza huku watu wote wamenikodolea macho. Ikaita mara mbili.

"Weka sauti juu," Arlene akasema. "Wote wasikie."

"Haloo?"

"Gretchen," nikasema, "naitwa Wendell, wa duka la mbolea. Miche ya baba yako nimeiua mimi. Mama yako alipima sawa."