Laini Zilizosajiliwa kwa Jina Langu

Ile fomu ya serikali nilijibu kila swali kwa moyo mweupe, pamoja na lile lililokuja kunitia mashakani. Liliuliza namba zote za simu zilizo kwa jina langu. Nikaandika moja, ile anayonipigia mke wangu kuniuliza kama nimenunua mkate.

Mimi ni fundi umeme. Kazi yangu bandarini, hapa Durban, Afrika Kusini, ilikuwa kontena za baridi, zile zinazobeba samaki na machungwa. Meli ikishusha, tunachomeka nyaya, tunasoma joto, tunazunguka, tunasoma tena. Nilikuwa na mkataba wa muda kupitia wakala. Halafu bosi wangu, Mzulu mmoja mcheshi aliyekuwa akiniita mkwe ingawa hana binti hata mmoja, akaniambia kuna nafasi ya kudumu upande wa serikali na amenipendekeza. Sharti lilikuwa kibali cha usalama. Wanakuchunguza wewe na maisha yako, wakiridhika unaandikwa kazi. Wasiporidhika, mkataba ukiisha unarudi ulikotoka.

Mimi nilitoka Pinetown. Sisemi Uvira kule Kongo nilikozaliwa, nasema Pinetown, kwenye maegesho ya maduka, nilikolinda magari miaka yangu ya kwanza huku diploma ya umeme ikiwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro. Unavaa kizibao cha kung'aa. Unamwonyesha mtu mwenye leseni yake jinsi ya kurudisha gari nyuma. Anakupa sarafu, au anakupandishia kioo usoni. Kuna watu wanapenda kusema kazi ni kazi. Mara nyingi ni wale ambao hawajawahi kupandishiwa kioo. Niliapa sitarudi pale, na mke wangu alinisikia nikiapa.

Yeye ndiye aliyesema nitafute wakili kabla ya kugusa kalamu. Tukampata kwenye kituo cha msaada wa sheria, mama wa Kihindi, mzaliwa wa hapahapa Durban, mwenye nywele fupi nyeupe na sauti ya mwalimu wa hesabu. Watu wote walimwita Madam. Hakunidai kitu, ila alinidai subira. Alitaka kila nyumba niliyolala tangu niingie nchi hii, na mtu wa kushuhudia. Jamani, mimi nimelala mtaa wa Point kwenye vyumba vilivyogawanywa kwa mapazia, na majengo mengine yamebomolewa, yakajengwa ya vioo. Nimtafute nani anishuhudie, kioo? Alitaka pia kujua kwa nini mimi na kaka yangu hatuna jina moja la ukoo. Nikamweleza kwamba kwetu kila mtoto anapewa jina lake, watoto wa tumbo moja majina yao hayafanani hata herufi. Akaandika aya nzima juu ya jambo hilo, akanisomea, nikaona tumemaliza. Swali la simu tulilipita kama watu wanaopita mlango uliofungwa.

Sasa nieleze habari ya laini, maana huko ndiko nilikokwama.

Nilipopata uraia, mchungaji aliniita mbele ya kanisa pamoja na mke wangu. Kina maman wa korali, yaani kwaya yetu, walicheza mpaka vumbi la ukumbi likatukalia kwenye viatu. Juma lililofuata watu wakaanza kunijia. Hapa huwezi kuwa na laini ya simu bila kuisajili kwa kitambulisho na mahali unapokaa. Makaratasi ya mkimbizi nayo yanaisha, kuyafanya upya ni foleni juu ya foleni, na aliyekwama anahitaji simu leo ili aitwe kazini. Kwetu mwenye sufuria kubwa haimiliki peke yake. Ikitokea harusi au msiba, watu wanakuja kuichukua na hakuna anayeuliza. Kitambulisho changu ndicho kilikuwa hiyo sufuria. Nilisindikizana na mtu hadi dukani, muuzaji akapiga picha, tukaagana, sharp, kama wasemavyo hapa, na juma likiisha nilikuwa nimesahau. Nilisajilia watu wa kanisa, wa saluni, jirani wa jirani. Kama mtu angeniambia nina namba za simu nyingi ningemcheka.

Afisa aliyenihoji, Madam akiwa kando yangu, alikuwa na adabu zake. Alinikaribisha chai, akauliza habari za watoto, kisha akageuza kompyuta nione. Namba zilijaa kioo kizima, zote kwa jina langu. Akaweka kidole kwenye moja, akasema namba hii imezungumza mara kadhaa na simu ya afisa wa jeshi upande wa mashariki ya Kongo, na akaniuliza nazungumza naye nini.

Nilimjua mwenye namba ile palepale. Ilikuwa ya Maman wa Korali. Ndivyo sote tunavyomwita, mjane anayeuza sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wakavu kwenye ngazi za jengo letu, na ambaye akianza wimbo hata wasioamini wanasimama. Kitinda mimba wake yuko jeshini, huko milimani juu ya Uvira. Hana simu yake. Anaazima kwa wenzake, siku nyingine kwa kamanda wake, na anapiga namba moja tu anayoijua kwa kichwa. Ile.

Ningeweza kusema hayo yote kwa sentensi mbili. Lakini karatasi ya mama yule ilikwisha muda zamani, na ombi lake la mwisho walilikataa. Kumtaja pale ni kuiandikia serikali jina lake na mlango wake. Kwa hiyo nikasema laini nilizisajilia watu wa kanisani na hiyo sikumbuki ni ya nani. Yule bwana alinitazama kwa huruma, na huruma yake ilinitisha kuliko kama angegomba. Madam akanigusa mkono, akaomba tupewe muda wa kueleza kwa maandishi. Tukapewa hadi mwisho wa mwezi.

Nje kwenye korido Madam hakunigombeza. Alivua miwani, akasema njia zilizopo ni mbili. Ama niape na kutaja kila mtumiaji kwa jina, ama nizifunge laini zote ibaki yangu moja, niape kwamba nilikuwa nikisaidia watu kwa desturi yetu na kwamba nimeacha. Ya pili ni dhaifu, alisema, lakini haimtaji mtu.

"Na ile ya jeshi usiiache wazi hata siku moja baada ya kuapa," alisema. "Hiyo ndiyo wanayoitazama."

Nikachagua ya pili, nikajiona nimekuwa mwerevu. Hakuna atakayeumia, nilimwambia mke wangu. Watu watasajili laini nyingine kwa mwingine mwenye kitambulisho, basi. Na kweli wengi walinielewa, wakanilalamikia kidogo, wakaniita mheshimiwa wa serikali, wakahama. Nikabaki na ya Maman wa Korali.

Nilimkuta kwenye ngazi akipanga samaki. Nilimweleza yote, hata habari ya afisa. Hakushtuka. Aliuliza kama nimekula, akanifungia sombe kwenye karatasi, ndipo akanijibu.

"Usifunge mpaka apige, mwanangu. Akipiga mara moja tu nitamupa namba ingine, halafu wewe ufunge."

Nikamwambia ndiyo. Ningemwambia nini? Akanionyesha namba zote alizowahi kupigiwa kutoka jeshini, tukazijaribu moja moja pale ngazini. Moja ilikuwa imezimwa. Nyingine akapokea kijana aliyesema kikosi kimehamishwa, hajui kimepelekwa wapi, na yeye mwenyewe ametoroka, tusimpigie tena. Ya kamanda iliita mpaka ikachoka. Maman alisema ni kawaida, mwanawe hunyamaza kisha anaibuka.

Nikamuuliza Madam kama namba inaweza kuhamishwa kwa jina la mtu mwingine bila kufungwa. Akasema inawezekana, mtu huyo aje dukani na kitambulisho chake, ila ajue kwamba maswali yatahamia kwake. Nikawaendea watu wawili wa kanisani wenye karatasi safi. Wa kwanza alisema ombi lake la uraia liko mezani, nisimharibie. Wa pili alinisikiliza hadi mwisho, akaniombea. Siwalaumu. Hapana, kusema kweli ninawalaumu, lakini mimi mwenyewe nisingekubali.

Basi ikawa kila nikitoka zamu napitia kwenye ngazi. Sikuhitaji kuuliza. Nikitokea tu, alitikisa kichwa na kusema bado. Nilianza kumchukia kijana ambaye sijawahi kumwona. Jeshi zima, simu zote zile, na wewe huwezi kuazima dakika moja? Halafu nilijiona mjinga, maana huenda hapo alipo hakuna wa kumwazima, au yeye mwenyewe hayupo wa kuazima, na hilo hakuna aliyelitamka, si mimi wala mama yake.

Siku ya mwisho Madam alinipigia asubuhi. Kiapo kiko tayari, alisema, niende nikasaini kabla ya ofisi kufungwa, na nije na uthibitisho wa duka. Nikapitia kwenye ngazi. Maman alikuwa akihudumia mteja. Akanitazama juu ya bega la mteja, akatikisa kichwa. Sikumwambia kwamba ni leo. Nilinunua samaki ambao sikuwahitaji, nikaondoka.

Durban yote ni foleni, lakini siku hiyo duka la simu lilikuwa tupu. Nilitamani foleni, eish, nilitamani umeme ukatike. Msichana wa kaunta alikuwa na kucha ndefu za rangi ya machungwa, akawa anafunga laini moja moja bila haraka, akinitajia namba nami naitikia. Nikamwomba ile iwe ya mwisho. Akaniuliza kwa nini. Nikasema sina sababu. Ilipofika zamu yake akanitajia, nami nikatazama kucha zake, akanitajia tena, nikasema ndiyo.

Jioni, kiapo nikiwa nimeshakisaini, nilimweleza Maman mwenyewe, nimesimama, sikuthubutu kukaa. Mke wangu alinisindikiza kwa sababu alijua nitashindwa. Maman alinisikiliza, mikono yake ikiwa na chumvi ya samaki. Akasema aksanti kwa kuja kumwambia. Mara ya kwanza maishani nilitamani mtu anitukane.

Tangu siku hiyo serikali haijasema neno. Madam ameandika, amepiga, anajibiwa kwamba jambo liko kwenye utaratibu. Hakuna aliyenikataa, kwa hiyo hakuna wa kumkatia rufaa. Hakuna aliyenikubali. Mkataba wangu uliisha, bosi akanishika mkono mara mbili na kuniita mkwe kwa sauti ya chini, akasema nafasi wataishikilia kwa kadiri watakavyoweza. Sasa nimerudi Pinetown. Kizibao ni kipya, maegesho ni yaleyale. Madam ameniagiza nisizime simu hata nikilala, maana siku watakayonihitaji watapiga namba ile moja niliyoiandika kwenye fomu. Naikagua kati ya gari na gari. Mtu anaporudi nyuma na mimi natazama simu, anapiga honi, ana haki.

Jumapili iliyopita, watu wakiwa wametawanyika baada ya ibada, Maman wa Korali alinifuata pale ninapokunja viti. Sauti yake siku hizi haipandi kama zamani, korali inaanza nyimbo chini kidogo ili afike. Wenzake wamemsajilia laini mpya, anaitumia kwa biashara, kwenye simu nyingine. Hii aliyonipa ilikuwa ile ya zamani, ndogo ya vitufe, aliyoitoa kifuani, imefungwa kwenye leso.

"Wewe iko fundi ya umeme," alisema. "Angaria hii. Pengine ni betri."

Alijua kwamba laini ilifungwa. Nilimwambia mwenyewe, na mke wangu ni shahidi. Nilimtazama nione kama anatania, hakuwa anatania. Nikakaa kwenye kiti, nikafungua mgongo wa simu, nikatoa betri, nikaifuta kwa shati langu la ibada, nikairudisha, nikawasha. Ikapiga muziki wake mdogo. Kwenye kioo ikaandika hakuna mtandao.

"Iko muzuri, Maman," nilimwambia.

Akaipokea kwa mikono miwili, akaongeza sauti mpaka mwisho, akairudisha kifuani.