Moshi wa Kukausha Dari

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Alikuwa mdogo hata akaenea kati ya kiwiko changu na kiganja. Muuguzi alimfunga kifuani kwangu kwa kitenge, akasema jambo moja tu: asipate baridi. Lakini tulikuwa Bunia, msimu wa mvua, vita vikizunguka mji, na nyumba yetu ilikuwa na mabati matupu bila dari. Mchana tulioka. Jioni baridi ilishuka juu yetu kutoka kwenye bati. Majirani karibu wote walikuwa wamehamia kambini karibu na uwanja wa ndege, wakilala chini ya plastiki. Sisi hatukwenda. Niliiogopa plastiki ile kuliko bunduki, na mpaka leo sijui kama ile ilikuwa akili.

Mume wangu, mtu ambaye hajawahi kupigilia hata msumari wa kutundika koti, alitoka kutafuta fundi. Alirudi na mzee mfupi wa upande wa Mahagi, aliyekwama mjini kwa sababu barabara ya kwao ilifungwa. Mzee alisimama katikati ya chumba, akainua kichwa, akacheka.

"Mama, hii nyumba yako iko na kofia, lakini haina nguo. Nitakuwekea plafon, dari ya matete, na juu yake udongo. Joto itabakia na weye."

Tulikubaliana kwa mbuzi wetu wa mwisho. Siku zilizofuata nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka homa. Nililala chali, mtoto kifuani, nikitazama matete yakipangwa moja moja na kufungwa kwa kamba za mgomba, na vijitundu vya mwanga kwenye bati vikipotea kimoja baada ya kingine. Kisha ukaja udongo uliokandwa na majani makavu, ndoo kwa ndoo, ukinukia shamba lililonyeshewa. Matone yaliniangukia kwenye paji la uso na sikuyafuta. Bunduki zikilia kwa mbali, mkono wa mzee ulisimama. Zikinyamaza, ukaendelea kuupiga udongo taratibu, na mimi nikasinzia. Nilikuwa na furaha. Nasema waziwazi, nilikuwa na furaha vita vikiwa mlangoni, wala sikuona aibu.

Mzee aliposhuka ndipo aliposema neno alilokuwa amelificha.

"Sasa inaomba moto. Humu ndani, siku tatu, muchana kutwa. Udongo ikibakia mubichi, itatoa baridi kushinda manjanja, hii mabati yako."

Mume wangu alibadilika sura. Makaa yalikuwa yamekwisha mjini. Tulikuwa na kuni za mikaratusi tu, nazo mbichi. Na waliobaki mtaani hawakuwasha kuni mchana. Moshi juu ya paa uliwaambia wenye silaha mlimani kwamba hapa pana watu, na penye watu pana chakula.

"Muzee, unataka watuone?" aliuliza.

"Miye niko fundi ya plafon," mzee alijibu. "Ya vita, muulize wenyewe."

Nilishika miguu ya mtoto. Ilikuwa ya baridi. Sikungoja wanaume wamalize. Nilichukua kiberiti, nikawasha mwenyewe, kisha nikakaa uani juani na mwanangu, moshi ukipanda polepole juu yetu, mweupe, mzuri kuutazama. Siku tatu nilimwomba Mungu autawanye upesi. Hakuna aliyekuja.

Siku ya nne dari ilikuwa kavu, na miguu ya mtoto ilikuwa na joto. Asubuhi hiyo jirani yetu wa zamani akasimama mlangoni, godoro kichwani, watoto watatu nyuma yake, kigae mkononi.

"Mama, tuliona moshi kwenu, muchana, siku tatu. Njo maana tukasema vita imeisha. Siye wote tunarudia, na wengine wako nyuma. Unipatie moto."

Jana yake tu bunduki zilikuwa zimelia karibu kuliko siku zote. Nilipaswa kumwambia. Niliwatazama wale watoto, nikafungua kinywa. Lakini nilitaka moshi wao usimame kando ya wetu, ili wanaotazama kutoka mlimani wasione nyumba yangu peke yake. Nikamjazia kigae makaa mekundu, nikamwambia atembee polepole asiungue.