Hita ya Baba na Macho ya Cucu

Kila mwaka baridi ya Julai inapotua Ruiru, nikawasha hita ya gari kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, kitu cha kwanza kunifikia si joto bali harufu. Ni harufu ya vumbi lililokaangwa, kama vile mtu ameweka sufuria tupu jikoni akaisahau. Watoto wangu hufunika pua na kulalamika. Mimi huivuta hadi ndani kabisa, na papo hapo niko darasa la nne tena, nimesimama uani kwetu nyuma ya stesheni ya treni, sweta imetoboka kiwiko, nikitazama miguu ya baba yangu iliyochomoza nje ya mlango wa gari.

Gari hilo lilinizidi umri. Baba alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Thika, na alilipenda kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe wa maziwa. Tuliliita jeupe, ingawa ulihitaji imani kuliona hivyo. Dirisha la nyuma lilishikiliwa na kipande cha mbao, na hita yake ilikuwa na tabia ya ajabu: ilifanya kazi kwenye mashimo tu. Gari likiruka shimo, feni ilishtuka ndani ya dashibodi ikaanza kupuliza. Likishika lami laini, ikalala tena. Mama alisema hilo ndilo gari pekee Kenya nzima linalofurahia barabara mbovu.

Tungeishi na tabia hiyo miaka yote kama si Cucu, mama yake Baba. Alikuwa amehamia kwetu mwaka huo kwa sababu macho yake yalikuwa yanazibwa na mtoto wa jicho. Mimi nilikuwa nimerithi jina lake, Wambui, kwa hiyo Baba aliniita Maitu, yaani mama yangu, na ilipotokea kwamba amenigombeza, Cucu aliuliza kutoka chumbani, "Kamau, unagombeza mamako?" Alijua kila mtu kwa hatua zake. Aliweza kuchambua maharagwe kwa vidole bila kuacha jiwe hata moja, lakini mara mbili nilimkuta akilisalimia kwa heshima koti la Baba lililotundikwa mlangoni.

Daktari wa Thika alisema jicho la kwanza litapasuliwa na Cucu ataona. Siku ilipofika tuliondoka asubuhi, mimi na Mama nyuma, Cucu mbele na blanketi lake. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na baridi ilikuwa ya kuuma masikio. Hatukuwa tumefika mbali, kioo cha mbele kikaanza kufunikwa na mvuke wa pumzi zetu. Baba akabonyeza swichi ya hita. Kimya. Akapiga dashibodi ngumi. Kimya. Akafuta kioo kwa kofia yake, kikaziba tena kabla hajairudisha kichwani.

"Kwani tumesimama?" Cucu akauliza.

"Naenda polepole, Maitu. Sioni mbele. Kioo kimejaa ukungu."

Cucu akageukia sauti yake. "Haiya! Mimi nikiona ukungu mnaita ugonjwa, mnanipeleka kwa kisu. Wewe ukiona ukungu unaambiwa ushike usukani."

Mama alicheka hadi akaniegemea. Lakini Cucu hakuwa amemaliza. Alijivutia blanketi hadi kidevuni akasema, "Rudisha hii gari nyumbani. Mimi si maziwa mnipeleke Thika kwa friji. Nitaenda siku iko na joto."

Baba aligeuza gari. Alipokwenda kueleza hospitalini walimpa nafasi nyingine wiki iliyofuata, na wakamwambia asiikose hiyo, kwa maana jicho likikomaa kupita kiasi kazi huwa ngumu. Hilo la mwisho nililisikia nikiwa nyuma ya pazia, mahali nilipopatia elimu yangu nyingi.

Nilidhani Baba angebishana na mama yake. Hakubishana. Jumamosi asubuhi alitandika gunia chini, akavua saa, akaingia chini ya dashibodi kichwa kikiwa kwenye pedali na miguu ikiwa nje. Mama alitoa cherehani yake ya umeme barazani, akaendelea kushona sare za shule huku akimsikiliza. Cucu naye aliomba kiti kiwekwe karibu, na nikaona anatabasamu kila Baba aliposhindwa.

Alianza na fyuzi. Akaichomoa, akaiinua kwenye mwanga, waya wake mwembamba ulikuwa mzima. Hata hivyo akaweka nyingine, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhakikisha. Feni haikugutuka. Akageukia swichi, akaisugua vidole vyake vya shaba hadi ving'ae. Bado.

"Hiyo gari imekataa," Cucu akasema kwa furaha. "Mashine ikikataa, wacha kuilazimisha."

Baba alichomoa balbu moja ya taa za nyuma, akaifunga nyaya mbili, akazigusisha kwenye waya unaoingia kwenye mota ya feni. Balbu ikawaka, na uso wake ukamulikwa humo gizani kama mtu anayepuliza makaa.

"Stima inafika hadi mlangoni," akatangaza. "Ni mwenye nyumba haamki."

Akaomba mwiko. Nilimkimbizia mwiko wa ugali, akaigonga mota kwa mpini wake, ko, ko, ko. Feni ikazunguka, ikalia vrrr, ikapunguza, ikazima. Akagonga tena, ikafanya vilevile. Barazani cherehani ikanyamaza.

"Baba Wambui, gonga tena," Mama akasema.

Akagonga.

"Hiyo sauti naijua. Hata hii cherehani yangu ilikuwa ikilia hivyo kabla nibadilishe kaboni. Mota ni nzima, ni kaboni zimekwisha. Ukigonga zinagusa kidogo, halafu zinaachia."

Baba alitoka chini ya dashibodi, nywele zimejaa utando wa buibui, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa. "Na ulikuwa unangoja nini kusema?"

"Nilikuwa nangoja usikie mwenyewe," Mama akasema, akaenda kutafuta kopo la vifungo alimoweka kaboni za akiba.

Walifungua mota pamoja juu ya gunia. Kaboni zake, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme katikati ya mota, vilikuwa vimelika hadi kubaki vidogo kama mbaazi. Za Mama za akiba zilikuwa kubwa mno. Basi Baba akakaa kwenye ngazi ya saruji akazisugua taratibu, anasugua, anajaribu, anasugua tena, huku Mama akimwambia, "Pole pole, ukimaliza hizo sina zingine." Vidole vyao vilikuwa vyeusi, na walikuwa wakicheka jambo ambalo sikulisikia.

Mota iliporudi mahali pake, Baba aliinama mbele ya matundu ya hewa akabonyeza swichi. Kila kitu ambacho hita hiyo ilikuwa imemeza miaka yote kikamrudia usoni: vumbi, majani makavu, manyoya ya kuku, karatasi ya peremende. Alikohoa, akapiga chafya, akaruka juu mikono hewani kama timu yake imefunga bao. Injini ilipopata moto, hewa ya joto ikaanza kutoka ikiwa na ile harufu ya kukaangwa.

"Maitu, njoo ujaribu," akamwambia Cucu.

Tulimwongoza hadi kiti cha mbele. Kitambaa chake cha kichwa kilipepea. Alinyoosha viganja mbele ya matundu, akakaa vile muda mrefu, na lile tabasamu likaondoka.

"Iko moto sana," akasema hatimaye.

"Inapunguzwa hapa," Baba akasema.

"Inanuka."

"Tutaiwasha kila siku hadi harufu iishe."

Cucu akamtafuta Baba kwa mkono, akampata begani, akamfuta vumbi shingoni kwa pembe ya leso yake. "Basi tutaenda," akasema.

Siku yenyewe ilipofika, tukaenda. Kioo kilikuwa safi njia nzima. Hadi Thika Cucu alinishika mkono nyuma ya kiti, akinibana hadi vidole vikafa ganzi. Kesho yake walipomfungua bendeji sote tulikuwepo. Alipepesa jicho, akamwangalia Baba kwa makini sana.

"Haiya, Kamau! Umezeeka hivi na hukuniambia?"

Huko nje alilizunguka gari letu, akagusa kutu ya milango, akasema kama angeliona mapema asingekubali kupanda. Kisha akapanda mbele, akakataa blanketi, akatusomea kila kibao cha barabarani hadi Ruiru, hata vile vya makanisa.

Miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya hita. Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba Cucu hakuogopa baridi hata kidogo. Mwanamke aliyechuma kahawa alfajiri maisha yake yote angeogopaje manyunyu ya Ruiru? Aliogopa kisu. Baba na Mama walilijua hilo tangu gari lilipogeuzwa. Wangeweza kumwambia, "Cucu, unaogopa," naye angekana, na jicho lingeharibika. Badala yake walilala juu ya gunia Jumamosi nzima wakimwondolea kisingizio, bila kumvunjia heshima.

Mwaka jana Baba alipangiwa kupasuliwa goti. Ilipokaribia siku, akatuambia hawezi kwenda kwa kuwa hana viatu vya maana vya hospitalini. Nilifungua mdomo nimwambie kule watu huvuliwa viatu. Mama akanitazama. Nikaufunga, nikaenda mjini, nikarudi na pea nyeusi nzuri.

Baba alivivaa, akatembea hadi mlangoni na kurudi. "Vinabana kidogo," akasema.

Mama alikuwa tayari ameshika soksi nyembamba.