Mzee Niliyemkatisha Wimbo

Naikumbuka siku ya harusi ya binti wa shangazi yangu kule Kikwe, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Nilikuwa kijana mwenye spika mbili kubwa za kukodisha, najiona mtu kweli.

Wazee walikuwa wamemwalika mwanamuziki mmoja aliyetamba nchi nzima enzi zao. Alikuja na gitaa lake, koti limepauka mabegani. Akaimba wimbo wa taratibu, wa mtu aliye mbali anayemwomba nduguye amsalimie mama. Maneno mepesi mno, nikayaona ya kitoto. Wenzangu wakaanza kupiga miluzi. Katikati ya ubeti wa pili nikazima kipaza sauti chake, nikaweka disko.

Yule mzee alisimama kidogo, akaangalia kipaza sauti kana kwamba kosa ni lake. Kisha akalirudisha gitaa kwenye mfuko, akaondoka bila kula.

Baba akanijia. "Umefanya nini?"

"Baba, watu wanataka kucheza."

"Watu gani? Mama yako alikuwa analia pale kwa ule wimbo. Hukumwona?"

Sikumwona. Sikuwa nimeangalia.

Baadaye nikaenda machimboni kutafuta maisha. Nyumbani nikawa natuma salamu kupitia watu, mwenyewe siendi. Mama alipofariki, nilifika ameshazikwa. Wiki ileile, nikiwa kwa kinyozi Sombetini, redio ikaupiga wimbo ule.

"Kaka, nimekukata?" kinyozi akauliza.

Nilitoka pale nalia, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

Tangu hapo nikawa nazitafuta nyimbo zake. Kwanza nilisikia huzuni tu. Ni uzeeni, magoti yameanza kuuma, ndipo nikasikia anavyotania, anavyojicheka mwenyewe. Vyote hivyo vilikuwamo tangu zamani.

Mwaka juzi nikaenda kumtafuta nimwombe radhi. Nikaelekezwa mtaa wa Sokon One, kwa binti yake, naye mtu mzima sasa. Akaniambia baba yake amefariki.

"Harusini aliacha kuimba zamani sana," akasema. "Alirudi siku moja kutoka Kikwe, akasema basi. Hakutuambia sababu."

"Sababu ni mimi, dada."

Nikamweleza yote. Akanisogezea kiti. "Kaa unywe chai," akasema.

Nimechoka, mwanangu, na mengi nimeyaacha yapite. Hili limekataa. Kwa hiyo nakuomba: kitu usichokielewa leo, usikizime. Kama kinakuchosha, toka nje upunge upepo, lakini mwache mwenzako amalize. Na ukitambua kuwa kazi ya mtu imekugusa, mwambie angali hai, hata kama unaona haya.

Mungu akupe masikio mapema kuliko alivyonipa mimi. Na siku utakapomkosea mtu, akujalie umkute bado yupo. Amina.