Kovu la Mamba Asiyekuwepo

Kovu langu lilianzia chini ya chuchu ya kulia, likapita kwapani, likaenda kuishia mgongoni, sehemu ambayo mimi mwenyewe sijawahi kufika. Daktari alisema ni kovu la kawaida. La kawaida kwake yeye, anayekata watu kila siku kama vitunguu. Mimi nililipima kwa kamba ya magunia, na kamba ikaisha kabla ya kovu.

Nilikuwa na usaha kifuani. Nilibeba magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, mitumbwi inaposhusha samaki, mwezi mzima huku nakohoa, nikisingizia vumbi, mpaka siku moja nikalala chini na gunia likalala juu yangu. Hospitali wakanipasua ubavu kama unavyopasua sangara, wakatoa ule uchafu, wakanishona. Mimi huwa nasema walitoa ndoo mbili. Nesi alisema ni bakuli moja, lakini nesi alikuwa nje, mimi ndiye niliyekuwa ndani.

Nikapona. Shida ikawa kwenye shati. Mwaloni wabebaji tunafanya kazi kifua wazi, na miaka ile ya tisini ukitaja tu kwamba ulilazwa kwa kifua, watu wanaangalia suruali yako kama imelegea kiunoni. Wanakupa pole wakiwa mbali. Ulikuwepo ugonjwa ambao hakuna aliyetaka kuutaja jina, na kila mwenye kikohozi alikuwa mshitakiwa wake. Kwa hiyo nikawa nabeba magunia na shati limefungwa vifungo mpaka kooni, jua linachemsha ziwa.

"Padri," wenzangu wakaniita, "leo misa saa ngapi?"

Nikasema nilifute hilo kovu, nivue shati kama watu. Enzi hizo kila kitu kilikuwa ruksa, soko limejaa vikopo na vitubu kutoka nchi ambazo hata ndege hazitui. Muuzaji mmoja akanionyesha krimu.

"Kaka, hii inafuta mpaka ukoo."

Nikapaka asubuhi na jioni kama ninayepiga nyumba rangi. Wiki ya tatu nikajitazama kwenye kioo. Ngozi ya kifua imekuwa nyeupe kama andazi bichi, na kovu katikati limebaki jeusi, limenona, na alama za nyuzi huku na huku kama miguu ya jongoo. Zamani ilibidi usogee ndipo umwone yule jongoo. Sasa ungeweza kumwona ukiwa kisiwani Ukerewe.

Jirani yangu wa mtaa wa Pasiansi, mama mtu mzima, akanionea huruma. Akasema achana na vikopo, paka mafuta ya sangara, yanalainisha. Yalilainisha kweli. Lakini nikitoka nyumbani nafuatwa na paka. Walikuwa watatu, ingawa nikisimulia huwa nawafanya thelathini. Nikisimama wanasimama, nikikohoa wanakaa kitako wanasubiri.

Halafu siku moja msumari wa mtumbwi ukanasa shati langu, likachanika kuanzia kola mpaka kiunoni. Mwalo mzima ukaliona kovu. Nikamwona mmoja anarudisha mguu nyuma, pole pole, kama mtu anayemkwepa mbwa. Hapo mdomo wangu ukasema bila kuniuliza:

"Mamba."

Kila mtu akasogea karibu. Yule wa mguu nyuma ndiye aliyekuwa wa kwanza kunishika bega. Basi ningefanya nini? Jumatatu mamba alikuwa na urefu wa mkeka. Kufikia Jumamosi alikuwa amezidi mtumbwi, nami nilikuwa nimemng'ata mguu wa mbele mpaka akaniachia. Shati sikuvaa tena.

Sasa pale pale mwaloni alikuwepo msichana aliyekuwa akianika dagaa, kwao Magu, tukapendana, tukakubaliana. Nikamtuma mshenga kwa wazazi wake, naye alikuwa kiongozi wetu wa wabebaji, mtu mzima, anayejua kusema. Akaenda akanisifu. Akarudi amenyong'onyea, ananiambia nimuulize mchumba wangu mwenyewe.

Nikamkuta anageuza dagaa.

"Baba amekataa," akasema.

"Kwa sababu ya kovu?"

"Kwa sababu ya mamba."

Nilikuwa nimesahau niko ziwa gani. Huku kwetu mamba hamkamati mtu kwa njaa zake. Anatumwa. Ana mwenyewe, na mwenyewe ana ugomvi na wewe. Na aliyetuma mamba akakosa, lazima atatuma mwingine. Baba yake alitaka kujua nimegombana na nani, na kwa nini binti yake aende kuchota maji karibu na mtu anayewindwa.

Nikamwambia ukweli wote. Aliendelea kugeuza dagaa.

"Kwa hiyo hakuna mamba."

"Hakuna."

"Na ule mguu uliomng'ata?"

"Hata huo."

"Wewe ni mwongo."

"Kidogo."

"Nenda kamwambie baba mwenyewe. Na shati utavua."

Tulifika Magu mimi na mshenga wangu, ambaye njia nzima alinilaumu kwa kumtuma na mamba asiyekuwepo. Mzee alikuwa amekaa uwanjani na ndugu zake, na mama yake mzazi, bibi yake binti, macho yameshaingia ukungu, yuko kwenye mkeka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mamba hajambo?"

Nikaeleza. Usaha, kifua, hospitali. Nikavua shati. Wazee wakaangalia, wakatazamana.

"Na hii rangi?" mzee akauliza.

"Ni dawa ya kufuta kovu, baba."

"Naona imekufuta wewe."

Nikatoa cheti cha hospitali. Kikazunguka mkono kwa mkono, kila mmoja akakitazama kwa heshima na kukikunja vizuri. Hakuna aliyeweza kukisoma, mimi nikiwemo. Nikaona mzee anaanza kutazama suruali yangu kiunoni, nikajua nimekimbia mamba nikaangukia kwenye kile kile nilichokuwa nakimbia tangu mwanzo. Hapo sikuwa na utani.

"Acheni karatasi," bibi akasema. "Nileteeni mtu."

Nikapiga magoti mbele yake. Akapitisha vidole kwenye kovu, pole pole, alama ya uzi moja baada ya nyingine. Vidole vilikuwa vya baridi, na mimi ubavuni nina mtekenyo tangu kuzaliwa. Nilijibana mpaka machozi yakanitoka. Alipofika kwapani nikaangua kicheko mbele ya wakwe, kicheko kirefu, cha aibu kabisa.

"Tulia. Pumua."

Akaweka sikio ubavuni. Nikavuta pumzi, nikatoa.

"Tena."

Nikavuta tena.

"Nilimsikiliza baba yenu miezi yake ya mwisho," akawaambia. "Huyu ndani hakuna kinachokoroma. Na hapa pameshonwa na mtu, tena mtu asiye na haraka. Mpeni shati lake."

Mzee akamgeukia mshenga wangu. "Tutaanza upya. Safari hii aseme mmoja wenu tu, na asiwe huyu mwenye mamba."

Tulioana baada ya kuvuna pamba. Krimu niliitupa, paka wakapata shughuli nyingine, rangi yangu ikarudi kidogo kidogo. Kovu nalo likaanza kulala lenyewe nilipoacha kulisumbua, likawa mstari tu. Pale mwaloni aliyeuliza nilimjibu: usaha, kifua, hospitali. Hakuna aliyerudi nyuma, ila wengi walinuna. Mmoja alikaa siku mbili hanisalimii, kwa sababu habari za yule mamba alikuwa ameshazisimulia kwa mke wake.