Wimbo wa Mjomba

Jirani anayeyusha nta ya nyuki, na harufu yake inanipandisha hasira. Mjomba aliziba ufa wa zeze lake kwa nta kama hiyo. Aliimba jinsi nyumba zetu zilivyobomolewa ili tuhamie kijiji kipya, ndipo mgambo wakalivunja zeze, naye akakimbilia ng'ambo ya mpaka asifungwe. Hakurudi tena.

Mwalimu wetu wa shule akauchukua wimbo uleule, akaubadili maneno umsifu mwenyekiti wa kijiji. Nikachaguliwa kuuongoza, kwa kuwa niliujua vizuri kuliko wote. Nilipouimba mbele yake, mwenyekiti alinipigia makofi.

Nyumbani nilitarajia kuchapwa fimbo. Mama akaniwekea ugali.

"Sauti ni ya mjomba wako," alisema. "Kula. Umewaimbia waliomfukuza, na hata maji hawakukupa."